Upepo na Maji ya Mji wa Unguja

Watu wa Unguja tangu zamani huhesabu mwaka wao kwa pepo. Kaskazi huanza kuvuma karibu na mwezi wa Desemba, nayo ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, pamoja na joto. Ikilegea mwezi wa Machi, masika hushuka, mvua kubwa hata Mei. Kisha kusi hushika, na Juni mpaka Agosti ni kipupwe, miezi mizuri kuliko yote, ambayo mtu hujifunika shuka usiku. Mwisho wa mwaka huja vuli. Hali ya nchi, basi, ni njema, ingawa siku hizi mvua hazishiki miadi kama zamani. Kwa nini mji wake ulikuwa na sifa mbaya ya maradhi katika karne ya 19?

Mji Mkongwe umejengwa juu ya rasi yenye pembe tatu. Magharibi yake ni bahari. Mashariki palikuwa na hori iliyojaa maji wakati wa bamvua, ikabaki tope maji yalipotoka. Upande wa pili wa hori hiyo ndiko kulikoitwa Ng'ambo, na jina limebaki hata baada ya hori kufukiwa. Tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, karibu na mwaka 1832, nyumba za mawe ziliongezeka na njia zikawa nyembamba. Wembamba ule una faida yake, maana jua haliingii, na adhuhuri mtu hupita kivulini toka Shangani hata Malindi. Lakini takataka za mji zilitupwa pwani, na maji ya visima yalichanganyika na uchafu wa majumba. David Livingstone alipokuwa mjini mwaka 1866 aliligeuza jina la mji kuwa jina la uvundo. Waandishi wengi wamependa kuikariri dhihaka ile. Mimi naona haina faida kubwa, kwa kuwa haisemi ni nani walioumia.

Anayetusaidia zaidi ni daktari Mskoti, James Christie, aliyetibu watu Unguja siku zile. Aliandika habari za kipindupindu cha miaka 1869 na 1870 katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1876, akafuata njia ya ugonjwa hatua kwa hatua, toka bara, kupitia nchi ya Wamasai, hata Pangani, na kutoka Pangani kuvuka bahari. Watu walikufa kwa maelfu, na msiba uliwalemea hasa watumwa na maskini, waliosongamana na kunywa maji yaliyokuwa karibu. (Ni Christie huyu pia aliyeandika juu ya kidingapopo, na wako wanaodhani ya kuwa jina la ugonjwa huo katika lugha za Ulaya limetoka katika neno hili letu.)

Wenye uwezo walikuwa na dawa nyingine, nayo ni kutoka mjini. Seyyid Said alipenda kukaa Mtoni, kaskazini ya mji, penye kijito na bahari pamoja. Binti yake Salme, aliyezaliwa huko mwaka 1844, ameyaeleza maisha yale katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani mwaka 1886: roshani ya duara iliyoelekea bahari, ambapo baba yake alikuwa akitembea na kupunga upepo, mahamamu, ndege wa kufugwa uani, na watoto wakifundishwa kupanda farasi. Ni maelezo mazuri, lakini msomaji asisahau ni mikono ya nani iliyoichukua raha ile.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga kisiwa, ikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Seyyid Barghash, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili ya kutawala. Hata hivyo ndiye aliyeubadili mji. Kabla ya kutawala alikuwa ametolewa nchini, akakaa Bombay, na mwaka 1875 alizuru London. Miji yote miwili ilimwonyesha maji yakipita katika mabomba. Aliporudi hakuacha kujijengea. Marhubi na Chukwani ni kazi yake, na Chukwani ilisifiwa kwa hewa ya kumponya mgonjwa. Beit el Ajaib ilikwisha mwaka 1883. Lakini katika miaka ile ile ya 1880 aliyaleta mjini maji ya chemchemi za upande wa Bububu kwa mabomba ya chuma, watu wakateka bila kulipa. Watalii hupiga picha Beit el Ajaib, ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Kwa shauri langu, bomba lile ni jambo kubwa kuliko jumba hilo, kwa maana mtoto wa mpagazi na mtoto wa tajiri walianza kunywa maji ya chemchemi moja.

Upepo ulichelewa kugawanywa hivyo. Mwaka 1905 reli ya Wamarekani ilianza kuchukua watu toka mjini hata Bububu, yapata maili 7, na asiye na farasi wala shamba akaweza kwenda kupunga hewa na kurudi jioni. Motokaa zikaishinda reli ile. Mahali palipobaki pa watu wote ni Mnazi Mmoja, kati ya mji na Ng'ambo, uwanja wa mpira na wa Sikukuu, watoto wakivaa nguo mpya na kugombea pembea. Na mbele ya majumba ya wafalme, bustani ya Forodhani ilitengenezwa katika miaka ya 1930. Ilipotengenezwa upya mwaka 2009 watu walirudi jioni kula mishikaki na urojo, na vijana kujirusha baharini kutoka ukutani.

Viwanja vya Mnazi Mmoja viko karibu na hori ile ya zamani, na ardhi yake ni ya chini. Siku za bamvua kubwa maji ya bahari huingia uwanjani, na wachezaji wa mpira hungoja yakauke.