Akiba Darasani: Somo la Ghent na Somo la Kujitegemea

Akiba haiozi, twawaambia watoto wa darasa la kwanza, kana kwamba somo hilo halina historia. Historia linayo, tena ya kisiasa. Tuitazame kwa kuuliza ni nani aliyetaka mtoto afundishwe kuweka akiba, na kwa nini.

Mwaka 1865 Ubelgiji iliunda chombo cha taifa cha akiba na pensheni. Mwaka uliofuata François Laurent, profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Ghent, akaanza kampeni ya akiba katika shule za mji huo. Utaratibu ulikuwa mwepesi: mwanafunzi alileta sarafu ndogo, mwalimu akaipokea na kuiandika, jumla ilipofika faranga moja, mtoto alifunguliwa kitabu chake cha akiba. Nchini Uingereza, mwaka 1880, Henry Fawcett, Mkuu wa Posta, aliruhusu stempu za peni moja zibandikwe kwenye karatasi maalumu. Zikitimia 12, yaani shilingi moja, Benki ya Akiba ya Posta ilizipokea kama amana.

Laurent aliwatakia wafanyakazi mema. Hata hivyo, Ghent ulikuwa mji wa viwanda vya pamba, na watoto walifanya kazi humo. Sheria ya kudhibiti ajira ya watoto viwandani ilipitishwa Ubelgiji mwaka 1889, miaka 23 baada ya somo la akiba kuingia darasani. Mtoto wa maskini alifundishwa kutunza senti kabla dola haijamkinga na kiwanda. Somo lilimwambia kwamba umaskini huponywa kwa nidhamu. Ujira wa baba yake haukujadiliwa.

Kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere aliliendea suala hili kwa njia nyingine katika waraka wake wa Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe na shamba au kazi ya uzalishaji, hesabu zake zitunzwe vizuri, na wanafunzi washiriki kuamua matumizi ya ziada inayopatikana. Mtoto angejua kwanza fedha imetoka wapi, ndipo aulizwe iende wapi.

Utekelezaji, hatuna budi kukiri, ulipotoka. Katika shule nyingi jembe lilibaki na daftari la hesabu likatoweka. Wanafunzi walilima bila kuyaona mapato, na kazi ya shamba ikageuka adhabu. Wazo halikuwa na kosa; watu wazima ndio waliokwepa kuhesabiwa.

Leo benki zetu zina akaunti za watoto, na walimu wanafundisha fedha katika hisabati. Ni jambo jema. Lakini kibubu peke yake ni somo la Ghent. Mtoto wa mkulima wa pamba anayefundishwa kwamba haba na haba hujaza kibaba, ana haki pia ya kuuliza bei ya kibaba hicho inapangwa na nani.

Mahali pa kuanzia hapahitaji bajeti. Shule yenye bustani au mradi wa kuku ibandike mapato na matumizi ukutani, na darasa la nne lijumlishe lenyewe. Mtoto aliyezoea kusoma hesabu za shule yake, kesho atazidai za kijiji chake.