Tamim Almajd: sura iliyoenea mji mzima
Doha, 2017. Weusi na weupe tu.

Huyu ni Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, Amiri wa Qatar tangu Juni 2013. Aliyemchora ni Mqatari, Ahmed Almaadheed. Maneno ya Kiarabu chini ya sura, Tamim Almajd, yana maana ya Tamim Mtukufu.

Tarehe 5 Juni 2017, Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar, na mpaka wake pekee wa nchi kavu ukafungwa. Mchoro huu ukasambaa simu kwa simu, kisha ukachapwa: vioo vya magari, vikombe, fulana, kuta za maghorofa. Mabango makubwa yalisimamishwa mjini, na wapita njia, raia na wageni, wakayajaza saini na salamu zao.

Tazama kitambaa cha kichwani. Hakuna kijivu hata kidogo. Rangi moja inatosha, kwa hiyo kila kiwanda cha uchapaji, hata kidogo, kiliweza kuuchapa mchoro huu.

Sultani Barghash wa Zanzibar alipozuru London mwaka 1875, magazeti ya picha ya huko yalichapa sura yake kwa michoro ya kuchongwa. Waingereza walimjua kwa mkono wa wachongaji wao. Kwa sura ya Tamim, kalamu ilikuwa ya mwenyeji. Wapwani watakumbuka pia kanga zenye sura za viongozi, ambazo huvaliwa hadi zichakae.

Mzozo wa Qatar na nchi hizo nne ulimalizwa Al-Ula, Saudia, Januari 2021.