Kampuni ya InVision: Kuinuka na Kuanguka Kwake, 2011–2024

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 300, kwa barabara ipitayo Mafinga, Makambako na Chimala. Zamani, mchoraji wa Iringa na fundi wa Mbeya walipotaka kusemezana juu ya mstari mmoja uliokosewa, hapakuwa na budi karatasi isafiri, au mmoja wao. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na mkongo wa taifa ukavutwa hata mikoani, umbali huo ulianza kupungua ukali wake. Kwa sababu hiyo habari za kampuni moja iliyozaliwa New York zina maana hata kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini.

InVision iliasisiwa mwaka 2011 na Clark Valberg na Ben Nadel. Wakati ule wachoraji wa kurasa za programu walitumia Photoshop, au Sketch iliyotoka Uholanzi mwaka 2010. Kazi yao ilikuwa picha tupu. Mteja aliona kitufe, lakini hakuweza kujua kikibonyezwa kitafungua nini. InVision iliwapa mahali pa kuziweka picha hizo na kuziunganisha, hata mteja akaweza kubonyeza na kutembea ndani ya kitu ambacho bado hakijajengwa. Penye kasoro alichomeka alama, akaandika maoni yake papo hapo. Kiswahili kina neno “kielelezo” lifaalo kwa jambo hilo. “Mfano”, litumikalo zaidi, ni dhaifu, kwa kuwa halitenganishi kitu cha kuonyeshwa na kitu cha kuigwa.

Kampuni ilikua kwa haraka ya ajabu. Haikuwa na ofisi kuu. Watumishi wake, waliofikia mamia, walifanya kazi majumbani mwao katika nchi mbalimbali, yaani iliishi kwa kile kile ilichokiuza. Mwezi Desemba 2018 ilipata dola milioni 115 kwa wawekezaji, na thamani yake ikakadiriwa kuwa dola bilioni 1.9. Fedha zote ilizokusanya zilikaribia dola milioni 350.

Lakini udhaifu wake ulikuwa umekwisha kuingia. Watu wa Mbeya wanaijua reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, na wanajua kwamba Reli ya Kati ina milimita 1,000. Kwa hiyo pale Kidatu ililazimu shehena ishushwe behewa moja na kupakiwa jingine. Mtu aweza kufanya biashara njema mahali kama hapo, maadamu reli hazijalingana. InVision ilikuwa Kidatu ya wachoraji. Picha ilichorwa kwingine, ikapakuliwa kwake, na kila iliporekebishwa ikapakiwa upya.

Mwaka 2016 Figma, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace, ilifungulia umma meza ya kuchorea ndani ya kivinjari, ambapo watu kadhaa waliweza kuushika mchoro mmoja kwa wakati mmoja. Mchoraji wa Iringa na mwenziwe wa Mbeya, kama mtandao haukuwakatikia (na sharti hilo si dogo), hawakuwa tena na cha kupelekeana. InVision ilijibu kwa kutangaza chombo chake cha kuchorea, Studio, mwezi Oktoba 2017. Kilichelewa, na hakikupata watu wa kutosha. Yaelekea wingi wa fedha ndio uliowaficha wakuu wake hatari hiyo: wateja walikuwa wangali wakilipa, ingawa wachoraji wao walikuwa wamekwisha kuhama.

Mwezi Septemba 2022 Adobe ilikubali kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Mapatano hayo yalivunjwa Desemba 2023 kwa upinzani wa wasimamizi wa ushindani barani Ulaya na Uingereza. Wakati huo huo InVision ilikuwa ikigawana mali yake: ubao wake uitwao Freehand ulikwenda kwa kampuni ya Miro mwaka 2023. Januari 2024 ikatangaza kwamba itafunga huduma zake mwisho wa mwaka.

Picha zenyewe aghalabu zilibaki kwa wachoraji, katika Sketch au Photoshop zilikozaliwa. Viungo vilivyoziunganisha, na majadiliano yaliyochomekwa juu yake kwa miaka 13, vilikuwa vimekaa kwa InVision, nayo ilizima huduma hizo tarehe 31 Desemba 2024.