Mbwa, Nyama na Wazo Kuu

Katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, zimehifadhiwa mbao saba za kuandikia zilizopakwa nta, zilizopatikana Palmyra, Syria. Ni za karne ya 3 hivi. Mwandishi wake alikuwa mwanafunzi, na kazi yake imejaa makosa. Alichoandika ni ngano za wanyama zilizotungwa kishairi na Babrius.

Shule za Wagiriki na Warumi zilianzia kwenye ngano kama hizo kumfundisha mtoto kutoa kiini cha maandishi.

Quintilian, mzaliwa wa Hispania aliyefundisha Roma na kulipwa mshahara na Kaizari Vespasian, aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 95 hivi. Mtoto aanze na ngano za Esopo, kwa kuwa zinafuata hadithi alizosimuliwa na yaya wake. Azisimulie kwa mdomo, kwa lugha nyepesi. Kisha aziandike kwa wepesi uleule. Baadaye apewe shairi, alivunje mizani, abadilishe maneno, na mwishowe afupishe hapa na kupamba pale bila kupotosha alichokusudia mshairi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito: anayeruhusiwa kubadilisha kila kitu isipokuwa kiini, hana budi kukitafuta kwanza. Na yote haya bila kiboko, maana Quintilian alipinga watoto kuchapwa, akataka masomo ya wadogo yawe mchezo.

Theon, mwalimu wa Alexandria, alikwenda mbali zaidi. Alishikilia kwamba ngano moja inaweza kuzaa mafunzo kadhaa, na funzo moja likabebwa na ngano nyingi. Tuchukue ile ya mbwa aliyevuka mto na nyama mdomoni, akaona kivuli chake majini, akadhani ni mbwa mwingine mwenye nyama, akataka kumpokonya, nyama yake ikazama. Mtoto mmoja atasema mtaka yote hukosa yote. Mwingine atasema mbwa aliponzwa na macho, hakupima alichokiona. Wote wawili wamesoma vizuri, mradi kila mmoja aonyeshe ni wapi katika kisa alipolitoa wazo lake. Kisha Theon aligeuza zoezi: funzo linatolewa, vijana wanabuni ngano inayolifaa.

Zoezi hilo la pili si geni kwa aliyesoma Kenya. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiswahili, Insha, huwa na swali la kutunga kisa kinachodhihirisha methali. Ndugu yake wa kutoa kiini, ufupisho, yuko karatasi ya pili na ana alama 15. Huko mtahiniwa huhesabu maneno asivuke kikomo, na hoja zake hulinganishwa na mwongozo wa kusahihishia. Mazoezi mawili yaliyokuwa somo moja kwa Theon yametenganishwa, na anayeumia ni mtoto anayedhani ufupisho ni kukata maneno. Mwalimu anaweza kuyaunganisha katika kipindi kimoja: nusu ya darasa itunge visa vya methali iliyofichwa, nusu nyingine isikilize, itaje methali na kuitetea.