Uvimbe Upi?

Mgonjwa akiambiwa utumbo wake mpana una uvimbe, hujipapasa tumbo kutafuta kitu kigumu. Neno hilo tumelibebesha mizigo miwili: utando uliowaka na kuvimba, na nyama iliyoota, ikiwemo saratani. Katika kolaitisi yenye vidonda lazima tuitenganishe, maana wa kwanza unaweza kuuzaa wa pili.

Huo wa kwanza mimi nauita mchochota. Neno hili linachoma kama maradhi yenyewe. Kinga ya mwili huushambulia utando wa utumbo na kumwaga kemikali kali zinazoharibu DNA ya seli zilizo karibu. Seli zilizokufa hufidiwa harakaharaka, na kosa lililokwisha kuingia hurithiwa kila seli inapojigawa. Jeni ya p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli mbovu isiendelee kugawanyika, mara nyingi huharibika mapema hapa. Katika saratani ya kawaida ya utumbo mpana, inayoanzia kwenye kinyama, huharibika kwa kuchelewa.

Na neno uvimbe linapotosha zaidi hapo. Seli hizi zilizoharibika mara nyingi hutandaa bapa bila kuinuka, hata mwenye kamera aweza kuzipita asizione.

Neno la pili ni sugu, kama katika mchochota sugu. Wengi wakilisikia hudhani dawa imeshindwa, wakaiacha. Ilhali hapa linataja muda, na muda ndio hatari yenyewe: uwezekano wa saratani hupanda kadiri miaka inavyopita na kadiri mchochota unavyoenea, ingawa mchochota uliobaki kwenye puru peke yake hauuongezi sana. Ndiyo maana miongozo mingi hutaka kolonoskopi ya uchunguzi ifanywe miaka 8 hivi tangu dalili za kwanza. Mtu anayeharisha damu miaka nenda rudi huku akiambiwa ni bawasiri hajaanza hata kuhesabiwa miaka hiyo.

Kinachonikera ni hatua ya katikati kukosa jina linalojulikana. Si mchochota tena, wala bado si saratani. Mgonjwa huambiwa “hakuna saratani” akaenda zake, au “dalili za saratani” akakata tamaa. Napendekeza mpotoko wa seli, mdogo au mkali. Jina hilo alijue kabla hajakaa na daktari wake kuamua, kwa sababu mpotoko mkali unaweza kumaanisha utumbo mpana wote utolewe.