Rubani na mwongozaji wa ndege: kwa nini ni vizuri watembeleane

Wakaaji wa majimbo ya mashariki wanajua mambo haya vizuri. Barabara imekatika, gari linaweza kulala njiani juma nzima, basi mtu anatafuta pesa kusudi apande ndege. Unaketi nyuma ya rubani, ao piloti kama tunavyosema kwetu, katika ndege ndogo ya watu kumi hivi. Unamwona anaweka mikro karibu na mdomo na kuanza kusema. Anasema na nani? Ule mtu iko wapi? Anatuona ao hatuoni?

Hata marubani wenyewe, wengi wao hawajaona hata siku moja chumba ambamo ile sauti inatoka. Ndiyo sababu katika inchi fulani marubani wa ndege za binafsi wanaalikwa kutembelea kituo cha kuongozea ndege. Tumechukua mfano wa Marekani, sababu huko jambo hili limepangwa tangu zamani. Kiisha tutarudi kwetu Congo.

Mnara ni kitu kimoja, kituo ni kingine

Watu wengi wanafikiri kwamba ndege zote zinaongozwa na mnara wa uwanja wa ndege. Sivyo. Mnara unashugulikia ndege zilizo chini na zile zinazopaa ao kutua hapo karibu. Mle ndani kuko vioo pande zote, sababu mwongozaji anafanya kazi kwanza kwa macho yake.

Ndege ikisha kupanda na kuenda mbali, mnara unaiachilia. Inapokelewa na waongozaji wengine, na safari ndefu yote inafuatwa na kituo cha anga. Kituo hicho hakina haja ya kuwa karibu na uwanja wowote. Kwa mfano, kituo kinachoitwa cha Boston hakiko Boston, wala hakiko katika jimbo la Massachusetts. Kiko Nashua, katika jimbo la New Hampshire. Kile cha Washington kiko Leesburg, katika jimbo la Virginia. Ni majumba makubwa yenye vyumba visivyo na dirisha, mwangaza kidogo, na safu za ekrani. Mwongozaji wa mle ndani anaweza kupitisha mamia ya ndege bila kuona hata moja kwa macho.

Vituo hivi vilianza mwaka wa 1935 huko Newark, karibu na New York. Makampuni ya ndege ndiyo yaliyokianzisha cha kwanza, na mwaka uliofuata serikali ikakichukua. Wakati ule hakukuwa rada. Waongozaji walisogeza vipande vidogo juu ya ramani na kutumia simu. Kisha, tarehe 30, mwezi wa sita 1956, ndege mbili kubwa za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon. Watu wote 128 walikufa. Zilikuwa zinaruka mahali ambapo hakuna mtu wa chini aliyekuwa anazifuata kwa rada. Msiba huo ulisukuma serikali ya Marekani kuunda, mwaka wa 1958, shirika la usafiri wa anga ambalo leo linaitwa FAA.

Leo, katika kituo cha anga, kanuni ya kawaida ni kwamba ndege mbili zisikaribiane chini ya maili 5 za baharini, ndiyo kusema zaidi kidogo ya kilometa 9. Kama ziko karibu kuliko hapo, moja inapaswa kuwa juu ya nyingine kwa angalau futi 1000, karibu mita 300.

Ziara inapita namna gani?

Rubani wa binafsi ni mtu ambaye ana leseni lakini hafanyi biashara ya kubeba abiria. Anaweza kuwa mganga, mkulima ao mwalimu. Marekani, sheria inaomba angalau umri wa miaka 17 na masaa 40 ya kuruka ili apate leseni hiyo. Mara nyingi anaruka peke yake: anashika usukani, anasoma ramani, anaangalia mafuta, na anajibu redio. Wengi wanaogopa redio kuliko wanavyoogopa upepo. Wanaona haya kukosea mbele ya watu wote wanaosikiliza.

Kwa ajili yao FAA iliweka mpango unaoitwa Operation Rain Check. Rubani ao kikundi cha marubani kinaomba ruhusa mbele, kwa sababu za usalama wanahakikisha wageni ni nani, kisha wanapewa siku. Kwanza wanaelezwa kazi. Kiisha mgeni anapewa visikilizio na kuketi kando ya mwongozaji. Anasikiliza, haongei kwenye redio. Wakati kazi ni ndogo, anaweza kuuliza maulizo.

Mambo ambayo rubani anagundua

La kwanza: mwongozaji haoni mawingu. Rada yake inamwonyesha ndege. Mvua anaionyeshwa na rada za hali ya hewa, lakini picha ile inachelewa dakika fulani, na katika vituo vya anga mvua nyepesi haionyeshwi kabisa. Ukungu hauonekani. Upepo unaotikisa ndege hauonekani. Rubani aliyekuwa anafikiri kwamba mtu wa chini atamwambia kila kitu, hapo anaelewa kwamba yeye mwenyewe ndiye macho. Ni yeye anayepaswa kumwambia mwongozaji: hapa kuna mawingu mazito, hapa ndege inatikisika sana.

La pili: kunyamaza si kumdharau mtu. Anga limegawanywa katika vipande, na kila kipande kina masafa yake ya redio. Wakati ndege ni kidogo, mwongozaji mmoja anaweza kupewa vipande viwili ao zaidi pamoja. Basi rubani anaita, hajibiwi, anakasirika. Kumbe mwongozaji alikuwa anasema na mwingine kwenye masafa mengine ambayo yeye hasikii.

La tatu: milima inaficha. Mawimbi ya rada yanaenda moja kwa moja kama mwangaza wa tochi. Ndege ndogo inayopita chini, nyuma ya mlima, inapotea kwenye ekrani, na mara nyingi redio nayo inakatika. Kwa hiyo mwongozaji akisema kwamba amempoteza rubani, hiyo haina maana ya kwamba kuna ajali. Lakini rubani anapaswa kujua kwamba kwa wakati ule hakuna anayemtazama.

La ine: kuomba msaada si aibu. Kuko namba ambayo rubani anaweka katika chombo kinachojibu rada, 7700, na hapo hapo ndege yake inaonekana tofauti mbele ya waongozaji. Kuko masafa ya hatari, 121.5, ambayo yanasikilizwa ulimwenguni. Na kuko neno Mayday, linalosemwa mara tatu. Sisi tunaojua Kifaransa tunalielewa haraka: lilitoka katika maneno ya «m'aider», nisaidie. Lilichaguliwa zamani wakati ndege zilikuwa zinapita kati ya London na Paris, ili watu wa pande zote mbili waelewane.

Mwongozaji naye anajifunza. Akikutana na rubani uso kwa uso, anaelewa kwamba maagizo marefu yanayosomwa haraka hayawezi kuandikwa na mtu ambaye mkono mmoja uko kwenye usukani.

Neno moja lililokosekana

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya adabu tu. Hapana, ni mambo ya uzima na kifo. Tutoe mifano miwili.

Tarehe 25, mwezi wa kwanza 1990, ndege ya kampuni ya Avianca, Boeing 707, ilitoka Colombia kuenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa nyingi. Ilizungushwa angani kwa zaidi ya saa moja. Mafuta yakaanza kuisha. Wafanyakazi wa ndege waliambia kituo kwamba wanahitaji kupewa nafasi ya kwanza, lakini hawakutumia neno lenyewe la hatari. Kwao, maneno waliyosema yalitosha. Kwa waongozaji, hayakutosha, na waongozaji waliopokea ndege baadaye hawakupata habari yote. Ndege ilijaribu kutua, ikashindwa, na ilipokuwa inarudi mara ya pili injini zikazimika. Katika watu 158, 73 walikufa. Wachunguzi walikuta kwamba kati ya makosa makubwa ni lile la kutotangaza hatari waziwazi.

Mfano wa pili ni wa Ulaya. Usiku wa tarehe 1, mwezi wa saba 2002, ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, katika anga lililokuwa linaongozwa kutoka Zürich, Uswisi. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule kutoka Urusi. Usiku ule mwongozaji alikuwa peke yake kwenye nafasi mbili za kazi, na simu kubwa zilikuwa zimezimwa sababu ya matengenezo. Alipoona hatari, aliambia ndege moja ishuke. Lakini chombo cha ndani ya ndege ile kiliambia marubani wapande, na kile cha ndege nyingine kiliiambia ishuke. Mwongozaji hakuweza kuona vile vyombo vilivyosema. Ndege zote mbili zikashuka. Kiisha msiba huo, kanuni za ulimwengu ziliwekwa wazi: chombo kikisema, rubani anafuata chombo, halafu anamjulisha mwongozaji.

Katika mifano yote miwili, kulikuwa watu waliosomea kazi yao. Kilichokosekana ni kujua mwenzako anaona nini na haoni nini.

Na kwetu Congo?

Kwetu kazi hii iko mikononi mwa Régie des Voies Aériennes, RVA, tangu mwaka wa 1972. Inasimamia viwanja na pia kuongoza ndege angani. Anga letu linaitwa anga la Kinshasa, na inchi tunayosema ina zaidi ya kilometa mraba milioni 2, msitu katikati na milima mashariki. Ni vigumu redio moja kufika kila mahali, na rada ni vigumu zaidi.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi anga la Kinshasa limekuwa kati ya maanga ya Afrika ambamo marubani wanaombwa kufanya jambo la ziada. Kila mmoja anatangaza mwenyewe, kwenye masafa 126.9, jina la ndege yake, mahali alipo, urefu aliopo, na mahali anapoenda. Kwenye njia ndefu anarudilia kila dakika 20. Hamwambii mwongozaji, anawaambia marubani wengine, kusudi wajiepushe wao kwa wao. Utaratibu huu uliwekwa na IATA, muungano wa makampuni ya ndege.

Tena, viwanja vingi vya ndani, vile vya udongo ambavyo vinalisha vijiji na machimbo, havina mnara kabisa. Rubani anayetua pale anategemea macho yake, redio yake, na habari ya mtu aliye chini.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba ziara kama zile ni mambo ya matajiri wa Marekani. Mahali ambapo vyombo ni vichache, ndipo watu wanapaswa kujuana zaidi. Rubani wa ndege ndogo akijua mahali ambapo sauti yake haifiki, atasema mapema mbele ya kuingia nyuma ya mlima. Mwongozaji akijua viwanja vya ndani vinafanana namna gani, hatamwomba rubani mambo yasiyowezekana. Ziara haiombi mashini mpya. Inaomba ruhusa, siku moja, na mtu wa kueleza.

Abiria naye ana sehemu yake

Wewe msomaji huendeshi ndege, lakini unalipa tiketi na Go-Pass, na maisha ni yako. Kuko mambo matatu ya kukumbuka.

Usifiche uzito wa mizigo. Rubani anahesabu mafuta na urefu wa kiwanja kufwatana na kilo alizoambiwa.

Zima simu wakati unaombwa. Rubani anahitaji kusikia kila neno, na wakati mwingine sauti inafika ikiwa dhaifu sana.

Na zaidi ya yote, usimsukume rubani. Mara nyingi tunaona abiria na wafanyabiashara wanapiga kelele kwenye kiwanja: mvua ni kidogo tu, twende, samaki wataoza. Sasa unajua kwamba yale mawingu juu ya mlima, hakuna mtu katika chumba cha mbali anayeyaona kwa ajili yenu. Rubani akisema tungoje, ameona kitu. Ngoja naye.