Msikiti wa Udongo Uliopata Tuzo

Ukisikia tuzo ya majengo labda unawaza maghorofa ya vioo. Sivyo! Mwaka 1986 Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu ilikwenda pia kwa msikiti wa udongo wa kijiji cha Yaama, Niger. Mwaka 1962 wanakijiji walikutana wakakubaliana kujenga msikiti wa Ijumaa. Kila familia ikatoa sehemu yake: huyu anafyatua matofali, yule anateka maji, mwingine anatafuta mbao, na fundi Falké Barmou anasimamia.

Sasa tugeuke kwetu. Pale Ungwana, karibu na Kipini, wazee walijenga misikiti kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kirkman aliichimbua miaka ya 1950, na magofu yangalipo. Wangapi wetu tumefika?

Utasema udongo wa Garsen haufai, mafuriko huuyeyusha. Kweli, Tana ya 1997 hatujaisahau. Lakini ukuta wa udongo hata Niger hukandikwa upya baada ya mvua, na kazi hiyo yataka watu. Msikiti wa mtaani kwenu je, nani aliteka maji ukijengwa? Muulize babu leo baada ya futari.